Klamidia: Bakteria Mmoja, Koo Nyingi

Vikope, ugonjwa uliopofusha watu wengi katika maeneo makavu kama Kongwa, Dodoma, na klamidia ya njia ya uzazi huletwa na bakteria mmoja, Chlamydia trachomatis. Historia ya kumjua bakteria huyu ni historia ya kung'amua kwamba ana koo nyingi, na kwamba ukoo nao huamua nani atapona bila dawa, na lini. Mwaka 1907, kisiwani Java, watafiti Halberstaedter na von Prowazek walikwangua kope za orangutani walioambukizwa vikope, wakapaka ukwanguo kwenye kioo na kuutia rangi. Ndani ya seli wakaona vishada vya chembe vimejibanza kando ya kiini. Haikupita miaka mingi, vishada vilevile vikaonekana katika macho ya vichanga na katika shingo za uzazi za mama zao. Mwaka 1957 Tang Feifan, huko Beijing, akatangaza kwamba amemwotesha bakteria huyo ndani ya yai la kuku. Baadaye San-Pin Wang na Thomas Grayston, wa Seattle, wakazipanga koo kwa herufi: A hadi C za macho, D hadi K za njia ya uzazi, L za mitoki.

Je, herufi hizo zina uzito wowote mwilini? Zinao. Kinga ya mwili hupigana na klamidia kwa kuinyima triptofani, kirutubisho isichoweza kuishi bila hicho. Mwaka 2003 Harlan Caldwell na wenzake walionyesha kwamba koo za njia ya uzazi zina kimeng'enya cha kuunda triptofani kutokana na indoli, ambayo bakteria wengine wa ukeni huitoa. Koo za macho walizochunguza zilikuwa zimekipoteza. Atapinga mtu kwamba kupona hutegemea mwenyeji, kwani watoto hukaa na vikope muda mrefu kuliko watu wazima. Ni kweli, lakini umri hauelezi kwa nini silaha ileile ya mwili ishinde huku na kushindwa kule. Mwenyeji na mgeni huamua pamoja.

Hata hivyo, elimu hii si ruhusa ya kungoja. Utafiti wa Colombia uliochapishwa mwaka 2005 uliona karibu nusu ya maambukizi yakidumu zaidi ya mwaka mmoja. Mgonjwa hajui amebeba ukoo gani, na makovu ya mirija ya uzazi hayamsubiri ajue. Apime, atibiwe, na mwenzi wake pia.