Alama Ngeni, Mstari wa 7

Niliandika programu ya kuhesabu ng'ombe wa mjomba kule Kasulu, ila niliichapa mahali pa kuandikia barua. Nikaipeleka Kibondo kwa swahiba wangu mwenye kompaila. Ikagoma: mstari wa 7, alama ngeni 342. Siku mbili tukakodoa macho, kosa hatulioni. Jamaa akasema, "Labda haya mambo si ya watu wa huku." Neno lile liliniuma.

Kumbe kosa lina historia. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa jedwali la ASCII. Baadaye likatulia kwenye alama 128, na semi zake zimesimama wima. Mwaka 1991 Unicode ikafungulia mlango maandishi ya dunia, zikiwemo semi zilizopinda. UTF-8, iliyobuniwa 1992, huandika fungua semi iliyopinda kwa baiti tatu: 342, 200, 234 katika namba za msingi wa nane. Hata nafasi tupu isiyokatika ina zake: 302, 240.

Ile ya barua ilizipinda semi zangu ili zipendeze, basi! Tukafuta, tukachapa upya kwenye kihariri cha kawaida. Ikakubali.

Ndugu msomaji, mashine haitazami sura, inasoma namba. Wala haiulizi umetoka wapi.