Wembe wa kwanza wa kutupa ulikuwa jiwe

Leo tuache dhahabu kidogo. Najua ukitaja jiwe hapa Osiri kila mtu anafikiria dhahabu, lakini mimi nataka tuongee kuhusu mawe ya kunolea nyembe. Huko mtandaoni kuna wapenzi wa nyembe za kukunja, zile za chuma za zamani, na wanabishana usiku kucha kuhusu jiwe gani la asili linamaliza makali vizuri. Kila wakisimulia historia ya hayo mawe, wanaanzia Ulaya au Japani. Mimi nasema wameanzia katikati ya hadithi.

Lakini ubishi wenyewe si wa kipuuzi, ngoja niueleze. Wembe ukitoka kwenye jiwe la kukwaruza, makali yake bado yana meno madogo ambayo jicho halioni ila shavu linayajua. Jiwe la kumalizia ndilo linayalainisha. Wabelgiji wana coticule, jiwe la manjano hafifu linalochimbwa Ardennes, upande wa Vielsalm. Ndani yake kuna punje ndogo sana za ganeti, ndugu wa tsavorite yetu ya Taita Taveta. Punje hizo ni ngumu kuliko chuma lakini zina umbo la kuviringana, kwa hiyo zinakwaruza kwa kina kifupi. Ukilisugua litoe uji, linakula chuma haraka. Ukiongeza maji uji ukaisha, linaanza kung'arisha. Wajerumani wana mawe laini ya Thuringia. Wajapani wana yale ya Nakayama, karibu na Kyoto. Wamarekani wana jiwe la Arkansas, ambalo karibu lote ni kwatzi: gumu, la polepole, linang'arisha zaidi ya kukata. Ningeambiwa nichague moja tu ningechukua la Ubelgiji, kwa sababu linafanya kazi mbili.

Sasa hapo kwa kwatzi ndipo nilipokaa wima. Lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wetu wanalifuata chini ya ardhi kwa sababu limebeba dhahabu ni kwatzi pia! Madini ni yaleyale. Tofauti ni punje. La Arkansas lina punje ndogo mno, zimebanana sawasawa. La kwetu ni la mishipa, lina fuwele kubwa na nyufa, ukipitisha wembe juu yake utaumega. Kwa hivyo msianze kubeba mawe ya shimoni mkidhani mmepata biashara.

Turudi nyuma sasa, nyuma kabisa. Kutoka hapa ukienda mpaka rasi ya Homa, Homa Bay, kuna mahali panaitwa Nyayanga. Mwaka 2023 wanasayansi, wakiwemo wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walitangaza vifaa vya mawe vya huko, vya kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 hivi, pamoja na mifupa ya viboko waliochunwa nyama. Watu wengi waliishia hapo kwenye umri, wakashangilia, wakaenda. Kwangu mimi habari kubwa zaidi ilikuja 2025: mengi ya mawe hayo hayakutoka pale pale. Yalibebwa, mengine kutoka kama kilomita 13. Kanjera South, kwenye rasi hiyo hiyo, miaka milioni 2 hivi iliyopita, ni vilevile. Mawe mengi ya karibu yalikuwa laini, makali yake yanakufa haraka, basi walitembea kutafuta magumu.

Yaani kulinganisha mawe kwa ajili ya makali, kusema hili hapana, lile ndiyo, hata kama liko mbali, ni kazi iliyofanyika Homa Bay kabla binadamu kama sisi hajakuwepo. Hao wa usiku kucha mtandaoni wanaendeleza tu.

Halafu kuna Gogo Falls hapa Migori, kwenye mto Kuja, pale penye bwawa la umeme. Wanaakiolojia walichimba huko wakapata vipande vya obsidiani, kioo cheusi cha volkano, vya wafugaji walioishi miaka kama 2,000 iliyopita. Jiwe lenyewe lilitoka mlima Eburru, karibu na Naivasha. Hiyo ni zaidi ya kilomita 150, na hakuna matatu. Kwa nini wasumbuke hivyo? Kwa sababu ukipasua obsidiani vizuri unapata makali membamba kuliko ya chuma. Shida yake ni kwamba ni kioo: makali yakimegeka, humpeleki kwenye jiwe la kunolea. Unatupa, unapasua kingine.

Ndiyo maana nasema huo ulikuwa wembe wa kutupa. Jiwe la kunolea lilipata kazi yake chuma kilipokuja, majembe ya Samia yakauzwa huku na kule, wahunzi wakafua hata ndani ya kuta za Thimlich Ohinga. Jiwe likaacha kuwa makali, likawa mtumishi wa makali. Kazi hiyo nayo imeisha. Gillette alianza kuuza wembe wake wa kubadilisha 1903, na ule mwembamba wa karatasi ulipofika dukani kwetu, nani tena atakaa anasugua? Na kwetu kuna sababu nyingine, isiyo ya uvivu. Kwenye liedo, kunyoa nywele baada ya mazishi, wembe mmoja ungepita kichwa kwa kichwa. Ukimwi ulipoingia Nyanza tukaambiwa kila mtu na wake, ukitumika utupwe. Ilikuwa sawa kabisa. Hapo simbishii mtu.

Kinachoniuma ni kitu kingine. Wabelgiji wamepa kila mshipa wa jiwe lao jina: La Veinette, La Dressante, La Grosse Blanche. Mtu anashika kipande cha miaka mia anakuambia kilitoka tabaka gani. Sisi tuna mawe yaliyochakaa katikati hadi yakawa kama mashua, yako nyuma ya jikoni, kuku wanayanywea maji, na dani aliyejua yalitoka mto gani hajaulizwa na mtu.

Basi nisaidieni. Kama kwenu kuna jiwe la kunolea la zamani, piga picha upande uliochakaa, limwagie maji kidogo rangi ionekane, na umuulize mzee vitu viwili: lilitoka wapi, na kwa nini walipita mengine wakachukua hilo. Nitumieni. Nitaanza na Nyatike na Karungu, halafu nivuke Homa Bay.