Karakana Mbili za Washindi wa Safari Zilivyoingia Mikononi mwa Toyota

Gari za Toyota zilizokwishatumika Japani, nchi ambayo usukani wake huwa kulia na gari hupita upande wa kushoto kama ilivyo Unguja, zimeenea katika barabara za kisiwa hiki kiasi kwamba anayetoka Darajani kwenda Amani hupishana na Hiace za abiria, Noah za kukodi na IST za watu binafsi bila ya kuona jambo la ajabu. Sifa ya kampuni hiyo katika Afrika Mashariki ilijengwa kwa njia nyingi, na mojawapo, isiyosimuliwa sana Unguja kwa kuwa mashindano yenyewe yalifanyika bara, ni ushindi wake katika Safari Rally. Hata hivyo, timu iliyoianzishia Toyota ushindi huo haikutoka Japani wala haikuwa mali ya kampuni, bali ilikuwa karakana ndogo ya dereva mmoja kutoka Sweden, ambayo kampuni iliinunua mwaka 1993 baada ya takriban miaka ishirini ya kufanya kazi pamoja. Zaidi ya robo karne baadaye, kampuni hiyo hiyo iliichukua karakana ya dereva kutoka Finland kwa mtindo unaofanana na ule wa kwanza, na wote wawili, wa Sweden na wa Finland, walikuwa wamekwishashinda Safari kwa mikono yao wenyewe.

Rali ni mashindano ambayo gari haziondoki kwa pamoja kama zinavyofanya kwenye uwanja wa mbio, bali huondoka moja baada ya nyingine kwa kupishana dakika chache, kila moja ikiwa na dereva na mwelekezi anayemsomea njia, na mshindi hupatikana kwa hesabu ya muda. Safari ilianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miongo miwili ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa, hivyo washindani walikutana humo na malori, mifugo, wanyama pori na mafuriko ya mvua za masika. Katika zama hizo ushindi ulikuwa wa madereva wenyeji. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeitumia katika Safari ya mwaka uliotangulia. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, ushindi ulikwenda Tanzania kupitia Bert Shankland na mwelekezi wake Chris Rothwell, waliotumia Peugeot 404. Ilipofika mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, akiendesha Ford Escort, na tangu hapo viwanda vikazidi kuja na fedha zao.

Ove Andersson, yule dereva wa Sweden, aliyezaliwa Uppsala mwaka 1938 na kushinda rali ya Monte Carlo mwaka 1971, aliingia katika habari hii kama dereva wa kuajiriwa. Mwishoni mwa mwaka 1972 aliiendeshea Toyota gari aina ya Celica katika rali ya Uingereza, na kutokana na rali hiyo moja yakazaliwa makubaliano ya yeye kuanzisha karakana ya kuziandaa gari za kampuni hiyo kwa ajili ya rali za Ulaya. Makubaliano ya namna hiyo yana utaratibu wake: kampuni hutoa gari, vipuri na sehemu ya fedha, na mwenye timu hutoa mafundi, ujuzi na mahali pa kazi, akabaki yeye ndiye mwajiri na ndiye anayebeba hasara mambo yakiharibika. Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni kwamba mwaka 1975, alipokuwa tayari ana timu ya Toyota, Andersson alishinda Safari kwa gari ya kampuni nyingine, Peugeot 504, mwelekezi wake akiwa Arne Hertz. Mwaka huo huo Mikkola aliipatia Toyota ushindi nchini Finland. Karakana ikahamia Brussels na kuchukua jina la Toyota Team Europe, kisha mwaka 1979 ikahamia Cologne, Ujerumani, ambako ilikaa.

Barabara za Kenya ndizo zilizoitofautisha timu hiyo na nyingine. Mwaka 1984, wakati Audi walipokuwa wamekwishaubadilisha mchezo kwa gari zinazosukumwa na magurudumu yote manne, Björn Waldegård alishinda Safari kwa Celica yenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini ili kuiongezea nguvu, ilhali gari yenyewe ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Audi ya Mikkola ilimaliza ya tatu. Wepesi wa Celica haukuwa sababu kubwa ya ushindi huo, kwa kuwa katika Safari ya wakati ule gari yenye kasi iliyovunjika springi mbali na mafundi wake ilikuwa bure, na timu ya Cologne ilijifunza mapema kuliko nyingi kwamba siku za kujaribu gari porini kabla ya mashindano zina thamani kuliko nguvu za injini. Gari iliyoandaliwa kwa Safari ilitambulika kwa macho: mbele ilikuwa na ngao ya vyuma ya kukinga ng'ombe na swala, ubavuni mwa kioo ulipanda mrija wa kuivutia injini hewa juu ya maji ya mto, na taa za ziada zilimulika kando ya njia ili mnyama aonekane kabla hajaruka. Juu yake iliruka helikopta, na aliyekuwamo alimwonya dereva kwa redio kuhusu lori au kundi la mbuzi lililo mbele ya kona. Toyota ilishinda tena mwaka 1985 na 1986, kisha 1990 na 1992.

Mwaka 1993 gari za Toyota zilishika nafasi zote nne za mwanzo katika Safari, Juha Kankkunen akiongoza, na kampuni ikatwaa ubingwa wa dunia wa madereva na wa watengenezaji. Katika mwaka huo huo wa neema Toyota iliinunua karakana ya Andersson na kuiita Toyota Motorsport. Mashine za kuchongea vyuma zingeweza kununuliwa popote. Kilicholipiwa hasa ni ujuzi uliokuwa vichwani mwa watu, na ndiyo maana mwenye karakana aliachwa katika uongozi. Mwaka uliofuata Ian Duncan, dereva wa Kenya, alishinda Safari kwa Celica.

Umiliki wa kampuni ulileta utulivu wa fedha, lakini uliuhamisha uamuzi mkubwa kutoka Cologne hadi Japani, na hapo ndipo penye uzito wa historia hii. Mwaka 1995 wakaguzi waligundua katika rali ya Catalunya kwamba kizuizi cha hewa cha tabo, ambacho sheria iliweka ili nguvu za gari zilingane, kilikuwa kimechezewa, na timu ikafungiwa hadi mwisho wa mwaka 1996. Aibu hiyo sasa ilikuwa ya kampuni nzima. Timu ilirejea na kutwaa ubingwa wa watengenezaji mwaka 1999, kisha ikaondolewa katika rali ikiwa bingwa, kwa sababu kampuni iliitaka iingie Formula 1, mbio za viwanjani zenye gharama kubwa kupita zote. Ilishindana huko kuanzia 2002 hadi 2009 bila ya kushinda hata mbio moja, ndipo kampuni ikajitoa. Ni vigumu kuamini kwamba karakana iliyojiamulia mambo yake ingeiacha kazi iliyoijua kuliko wote. Andersson hakuushuhudia mwisho huo, kwa kuwa alifariki mwezi Juni 2008 katika ajali nchini Afrika Kusini, akiwa katika rali ya magari ya kale.

Safari nayo iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Toyota ilipotaka kurudi kwenye rali, haikuikabidhi Cologne uongozi wa kazi hiyo, bali ilimtafuta Tommi Mäkinen, bingwa wa dunia mara nne mfululizo na mshindi wa Safari mwaka 1996 na 2001, aliyekuwa na karakana yake karibu na Jyväskylä, Finland. Timu hiyo ilianza kushindana mwaka 2017, ikashinda katika rali yake ya pili, na mwaka 2018 ikatwaa ubingwa wa watengenezaji. Kisha, mwaka 2021 ulipoingia, shughuli zake zikawa za kampuni. Tofauti na ilivyokuwa kwa Andersson, safari hii mwenye karakana alisogezwa kando na kufanywa mshauri, na uongozi akapewa Jari-Matti Latvala, ambaye naye alikuwa dereva.

Mwezi Juni 2021 Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia, makao yake yakiwa Naivasha. Thierry Neuville wa Hyundai aliongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, ambapo kifaa cha kutuliza mitikisiko ya gurudumu kiliharibika, na Toyota mbili, ya Sébastien Ogier na ya Takamoto Katsuta, zikapita na kushika nafasi mbili za mwanzo. Kuanzia mwaka huo hadi 2025 hakuna gari isiyo ya Toyota iliyoshinda Safari. Wenyeji wamebaki katika madaraja ya chini, wakitumia gari za kununua au kukodi, kwa kuwa gari za daraja la juu zimo mikononi mwa timu za viwanda, na tangu ushindi wa Duncan mwaka 1994 hakuna dereva wa Afrika Mashariki aliyeshinda Safari iliyohesabiwa katika ubingwa huo wa dunia.