Makala Iliyofungwa Getanuwas

Nilikuwa Getanuwas, chini ya mgunga, mzee mmoja wa Kibarbaig akinisimulia jinsi trekta za ngano zilivyopita juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wao. Nikakumbuka makala ya kitaaluma kuhusu jambo hilohilo. Simu ikashika mtandao, makala ikatokea, chini yake bei: zaidi ya dola 30.

"Kwani inasemaje, mwanangu?" akauliza.

Sikuwa na jibu.

Anayeona ni jambo dogo akumbuke kesi ya Mulbadaw. Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilikuja kulima ngano Hanang kwenye ekari zipatazo 100,000, kwenye malisho ya watu. Wanakijiji walishtaki, wakashinda Mahakama Kuu, kisha wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Sababu mojawapo: wengi wao hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wabarbaig, Hanang, jamani! Sisemi jarida lingewaokoa. Ila habari zao zilishaanza kuandikwa, na zilikaa kwenye maktaba ambazo wao wasingefika.

Ufunguo nao, ajabu, ulitoka Canada. Mwaka 1998 John Willinsky, akiwa Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, alianzisha Public Knowledge Project. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi huo ukatoa Open Journal Systems, programu huria. Mhariri anapokea makala humo, anaituma kwa wahakiki, anairudisha kwa mwandishi, anaichapisha, na leseni halipii hata senti. Chuo kikipata seva na fundi, kazi inaanza.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaitumia kwa majarida yake, likiwemo Kiswahili la TATAKI, ambalo asili yake ni taarifa ya ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Bure, lakini: umeme wa seva unalipiwa, na wahakiki wengi wanasoma usiku bila ujira. Halafu mengi bado ni ya Kiingereza.

Jioni nilimfungulia mzee makala moja ya jarida hilo, ya Kiswahili. Haikuhusu ngano wala makaburi.

"We soma tu," akasema.

Nikasoma mpaka betri ikaisha.