Pembe ya ndovu, pembe ya mraba

Kuna pembe iliyopimwa kwa frasila na pembe inayopimwa kwa nyuzi. Kifaransa cha madarasa ya Kisangani kinazitenga, ya pili kinaiita "angle" na mambo yanaishia hapo. Kiswahili kimeziacha zote mbili ndani ya neno moja, na katika mji huu neno hilo lina uzito wake.

Kwa sababu pembe ndiyo iliyokileta Kiswahili hapa. Mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake wa pwani waliwafuata ndovu hadi kwenye maporomoko ya Boyoma. Mpelelezi Stanley akaanzisha kituo hapo Desemba 1883, na mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamfanya Tippu Tip wali wa eneo hilo. Kituo kikakua kikawa Stanleyville, jina la Kisangani lililodumu hadi 1966.

Mwaka 1909 Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na makumbusho ya historia ya viumbe ya New York, walipanda mto Kongo mpaka Stanleyville, kisha wakaingia msituni kuelekea eneo la Uele. Mnyama okapi ndiye aliyewatoa kwao. Walipomaliza mwaka 1915 walikuwa wamekusanya zaidi ya tani 50 za mizigo iliyobebwa mabegani mwa wapagazi, na ndani yake kazi nyingi za mafundi wa Kimangbetu, watu wa eneo hilo.

Katika hazina ya makumbusho hayo mna pini moja ya pembe ya ndovu, ya kushikizia kofia, ya Wamangbetu. Imechongwa vichwa vinne: sura ni ile ile, ukubwa unapungua. Mtafiti Ron Eglash aliichambua katika kitabu chake *African Fractals* cha mwaka 1999. Aliona kwamba Wamangbetu walipenda mistari inayokutana kwa nyuzi 45, na kwamba umbo la pini linaweza kujengwa kwa miraba inayozaliwa mmoja ndani ya mwingine kwa hatua ile ile.

Jaribu mwenyewe. Chora mraba wa sentimita 10, unganisha katikati ya kila upande na katikati ya upande wa jirani. Mraba wa ndani umegeuka nyuzi 45, na upande wake ni kama sentimita 7. Rudia, utapata 5.

Lakini mraba haumtoi mtu jasho, kwani kila mraba hufanana na mwingine. Mtihani ni uso. Kidevu cha kichwa kidogo kina mwenzake kwenye kichwa kikubwa, na mwenzake ni kidevu, si kisogo. Pembe ya kidevu haibadiliki, ila urefu kutoka kidevu hadi paji unapungua kwa uwiano ule ule unaopunguza shingo. Mwanafunzi hukosea hapo hapo: umbo likigeuzwa kidogo tu, analinganisha upande na upande usio wake, kisha anashangaa hesabu kukataa.

Sina hakika kama fundi aliiwaza miraba ya Eglash. Uwiano, hata hivyo, aliujua mkononi, maana pembe ikishachongwa kupita kiasi hairudishiki.

Kisangani, uwiano huo hufundishwa kwa jina la Thales, Mgiriki wa Mileto. Pini yenyewe iko New York.