Rejeta inayovuja katika gari la zamani: Kuziba au kubadili?

WAMILIKI wengi wa magari ya zamani wameizoea rejeta inayovuja. Asubuhi huongeza maji, hufunga boneti na kuondoka; jioni hurudia. Kwa mizunguko ya mjini mazoea hayo yanaweza kudumu kwa miezi. Katika safari ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi, mazoea hayohayo yanaweza kugharimu injini nzima.

Mchinga, iliyo kando ya bahari kaskazini mwa mji wa Lindi, inaonyesha vyema tatizo hilo. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 liliondoa adha ya kusubiri kivuko katika Mto Rufiji. Lakini msafiri ambaye gari lake linachemsha kati ya Nangurukuru na Mchinga bado yuko mbali na maduka makubwa ya vipuri, na maji yaliyo karibu naye huenda ni ya kisima chenye chumvi.

Kinachopotea si maji peke yake

Watu wengi hudhani kwamba madhara ya kuvuja ni kupungua kwa maji tu. Ukweli ni kwamba rejeta hufanya kazi chini ya mgandamizo. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kifuniko cha rejeta chenye alama ya 0.9, kinachotumika katika magari mengi ya Kijapani, huzuia mvuke na kupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 118.

Panapokuwa na tundu, mgandamizo hutoka. Maji yanaweza kuchemka hata kama bado yapo ya kutosha. Joto likizidi, silinda hedi ya alumini hupinda na gasketi yake huungua. Hapo gharama si ya rejeta tena, bali ya kufungua injini.

Dalili za kutazama ni utando mweupe au wa kijani kwenye maungio ya rejeta, harufu tamu baada ya kuzima gari, na maji yanayopungua bila sababu ya wazi. Kabla ya kununua rejeta mpya, fundi akague pia mipira, klipu, kifuniko na pampu ya maji, kwani uvujaji wa huko hufanana na wa rejeta.

Ipi huzibika?

Rejeta za zamani za shaba huzibika kwa lehemu, na fundi mzuri anaweza kuirudisha kazini kwa miaka. Rejeta za alumini zenye matenki ya plastiki ni jambo jingine. Plastiki hukauka na kupasuka kutokana na joto la miaka mingi, na gundi inayopakwa juu yake haidumu. Hizo ni za kubadilishwa.

Baadhi ya madereva hutia yai, binzari au dawa za kuzibia. Vitu hivyo vinaweza kumfikisha msafiri kijiji cha pili, lakini huziba pia mirija myembamba inayopaswa kupitisha maji. Ni msaada wa dharura, si matengenezo.

Hatua za kubadili

Kwanza, injini ipoe kabisa. Kufungua kifuniko kukiwa na joto hurusha maji na mvuke unaoweza kumuunguza mtu uso na mikono. Waya wa hasi wa betri uondolewe, hasa katika gari lenye feni ya umeme, ambayo inaweza kuanza kuzunguka yenyewe.

Maji yamwagwe kwenye beseni, si chini. Dawa ya kupozea yenye glikoli ni tamu na ni sumu. Mbuzi au mbwa akiinywa anaweza kufa.

Kisha hufunguliwa mpira wa juu na wa chini, kinga ya feni na boliti za kushikilia. Gari la gia za kujiendesha lina mabomba mawili zaidi ya mafuta ya gia yanayopita ndani ya rejeta. Yafunguliwe taratibu na kuzibwa ili uchafu usiingie. Mafuta hayo yakionekana kama maziwa, maji yamekwisha kuingia kwenye gia, na tatizo ni kubwa kuliko rejeta.

Rejeta mpya ilinganishwe na ya zamani kabla ya kufungwa: upana, unene, nafasi ya mabomba na mashimo ya boliti. Kipande cha boksi kikiwekwa kati yake na feni huzuia mapezi yasikunjwe wakati wa kuipachika. Mipira iliyolainika au kupasuka ibadilishwe wakati huohuo.

Thermostati nayo isitupwe, kama wafanyavyo mafundi wengi kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Bila kifaa hicho injini huchelewa kufikia joto lake la kazi, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Iliyoharibika ibadilishwe kwa nyingine.

Maji ya kutia

Chumvi hula alumini na huacha ukoko ndani ya mirija. Kwa hiyo maji ya visima vya pwani yatumike pale tu ambapo hakuna mengine, na mfumo wote usafishwe mara baada ya kufika. Kinachofaa ni maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kupozea kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo. Rangi isitumiwe kama kigezo cha kuchanganya dawa mbili, kwa kuwa watengenezaji hawafuati rangi moja.

Baada ya kujaza, injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa hadi mapovu yaishe. Kiwango cha maji kikaguliwe tena siku inayofuata, gari likiwa limepoa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa rejeta ya plastiki iliyopasuka, njia ya kuziba ufa huo ni kuibadili, na wakati wa kufanya hivyo ni kabla ya safari.