Mayahudi Waliopita Mwambao Wetu

Matuga hakuna sinagogi. Mtoto wa Kidigo huanza kuwasikia Mayahudi chuoni, katika visa vya Mitume, na majina yao anayo nyumbani tayari: Musa ni mjomba, Daudi ni jirani, Suleimani ndiye muuza samaki wa Tiwi. Mayahudi wenyewe, walio hai, waliteremkia Mombasa, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni, wakapanda treni kwenda bara. Habari yao inatuhusu sisi watu wa Kwale kwa sababu ni habari ya ardhi.

Desemba 1902, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alisafiri kwa reli hiyo akavutiwa na nyanda za juu. Aprili 1903 Mayahudi waliuawa kinyama mjini Kishinev, chini ya utawala wa Urusi, na mwaka huohuo Uingereza ikampendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, eneo la Uasin Gishu wapate pa kukimbilia. Mpango ukaitwa wa Uganda, ingawa sehemu hiyo ilikuwa imeshahamishiwa Kenya ya leo mwaka 1902. Katika mkutano wa Wazayuni mjini Basel, Agosti 1903, wajumbe 295 walikubali tume iende kukagua, 178 wakakataa. Waliotoka ukumbini kwa uchungu ni wajumbe wa Urusi, wale wale ambao watu wao walikuwa wakiuawa. Walitaka Palestina, si kwingine.

Januari 1905 tume ikashuka Mombasa: Meja Gibbons, Mwingereza, Alfred Kaiser, Mswisi, na mhandisi Nahum Wilbusch, Myahudi pekee kati yao. Walikwenda kwa treni hadi Nakuru, kisha kwa miguu pamoja na wapagazi. Ripoti yao haikutia moyo, na mkutano wa 1905 ukaukataa mpango.

Walowezi Wazungu walipiga kelele kuupinga, nao walisikika. Wamasai na Wanandi wa huko hakuna aliyewauliza. Hapo ndipo mtu wa Matuga anapoelewa bila kufafanuliwa. Mwambao huu ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, ukawekwa chini ya Waingereza mwaka 1895. Baadaye mashamba makubwa yakagawiwa makampuni, na wazawa wakaitwa maskwota karibu na kaya za wazee wao. Simlaumu aliyekimbia mauaji akitafuta pa kulala. Namlaumu aliyegawa kisicho chake.

Mpango ulikufa, lakini watu mmoja mmoja waliendelea kuja. Abraham Block alifika mwaka 1903, na baadaye familia yake ikamiliki hoteli ya Norfolk. Jiwe la msingi la sinagogi ya Nairobi liliwekwa mwaka 1912. Kisha wakaja waliomkimbia Hitler. Mwaka 1938 Stefanie Zweig, akiwa bado mtoto mdogo, aliletwa na mama yake kumfuata baba aliyetangulia kufanya kazi shambani. Ukubwani aliandika Nirgendwo in Afrika, riwaya inayotokana na maisha hayo.

Septemba 1939 vita vilipozuka, serikali ya kikoloni iliwakamata wanaume wa wakimbizi hao ikawaweka kizuizini kama maadui, kwa kuwa pasipoti zao zilikuwa za Ujerumani. Wake na watoto wao walikusanywa Nairobi, wengine katika hoteli ileile ya Norfolk, wakingoja kuambiwa ni lini waume wangeachiliwa.